Bolti Iliyokatika

Katika mwaka 2022 nilikata bolti moja ya gari la marehemu baba, na sababu ya kuikata ilikuwa neno ambalo miaka kumi na minne kabla ya siku ile nililifuta kwa wino mwekundu. Habari hii si ya kujivunia kwa mtu anayepata riziki yake kwa kufundisha Kiswahili, wala singependa wanafunzi wangu waisikie kwa kinywa cha mtu mwingine. Kwa hiyo naisimulia mwenyewe.

Gari lilikuwa Peugeot 504 lililotoka kiwandani mwaka 1979. Wazee hawahitaji kuelezwa sifa zake. Kwa ajili ya vijana nitasema tu kwamba aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1968, ikashinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na kwamba katika barabara zetu za udongo ilibeba abiria, magunia, mbuzi, maharusi na maiti bila ya kubagua. Baba alilipata gari lake likiwa chakavu, akalifufua kwa mikono yake. Yeye alikuwa fundi wa magari. Alijifunza kazi katika karakana ya shamba moja la mkonge karibu na Muheza, na baadaye akafungua gereji yake Ngamiani, mjini Tanga, chini ya mkungu ambao bado umesimama. Alipofariki mwaka 2021 gari lilibaki uani, limefunikwa turubai, na upepo wa bahari, ambao katika mji ule hauzuiliwi na mlango wala turubai, ukaendelea kulila polepole.

Mwaka uliofuata tulikubaliana, mama na sisi watoto watatu, kwamba liuzwe. Mabati ya nyumba ya mama yalikuwa yametoboka kwa kutu, na masika yalikuwa karibu. Mnunuzi alikwisha patikana, dereva mmoja wa Muheza, naye aliahidi kuja siku ya Jumatatu. Kasoro aliyoiona alipolijaribu ilikuwa moja. Injini ilipowashwa ingali baridi ilitoa mlio wa tiki-tiki-tiki upande wa ekzosi, mlio uliozidi mwendo kila alipokanyaga mafuta, na kufifia kidogo injini ilipopata moto. Alisema atapunguza bei kwa sababu ya mlio huo. Mimi nilikuwa nimefika likizoni kutoka Dar es Salaam. Nikasema, Kwa nini tupoteze fedha za bati kumi kwa ajili ya gasketi moja?

Maradhi yenyewe niliyafahamu. Moshi wa silinda nne hutoka katika kichwa cha injini, ambacho mafundi hukiita hedi, ukaingia katika chuma chenye mikono minne kiitwacho manifoldi, na kutoka hapo ukashika bomba la kwenda nyuma. Baina ya hedi na manifoldi hukaa gasketi. Gasketi ikiungua, moshi hupenya pembeni kwa vishindo vidogo vidogo, na vishindo hivyo ndivyo ule mlio. Dawa yake ni kufungua nati zinazoshika manifoldi, kubadili gasketi, na kufunga tena. Nilikulia gerejini, nikaona kazi hiyo ikifanywa mara nyingi kabla sijajua kusoma. Nilisahau kwamba kuona mtu anaogelea si kuogelea.

Hedi ya gari lile ni ya alumini, na bolti zilizopandwa ndani yake ni za chuma. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo kila safari, kwa miaka mingi, vitu viwili hivyo husukumana na kuachana, kusukumana na kuachana. Tena vikikutana penye unyevu wa chumvi huanza kulana, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga unaozaliwa hapo hutaka nafasi kubwa kuliko madini yaliyouzaa, ukajishindilia katika hesi za bolti mpaka bolti na ukuta wake vikawa kama kitu kimoja. Nati nazo, kwa upande wa nje, hushikwa na kutu ya kawaida iliyookwa kwa moto wa ekzosi. Haya yote niliyasoma baadaye, na ni kweli. Lakini hata kama ningeyajua asubuhi ile yasingenifaa, maana kilichopungua kwangu kilikuwa kitu kingine.

Nati ya kwanza haikutikisika. Nikaimiminia mafuta ya taa, nikasubiri muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, nikachomeka kipande cha bomba la maji katika mkono wa spana, nikavuta. Urefu ni nguvu: spana ya futi moja ikiongezwa bomba hata ikafika futi tatu, mtu mmoja huvuta kama watu watatu. Basi nati ikaanza kuzunguka. Nilifurahi. Ilizunguka kwa ulaini wa ajabu, kama bawaba iliyotiwa mafuta, na mtu aliyepata kukata bolti anajua ulaini huo ni ulaini gani. Nati ilikuwa imeshikana na bolti vile vile. Chuma chenyewe ndicho kilichokuwa kikijinyonga, na chuma hukubali kwa muda mfupi kabla ya kukatika. Ghafula mkono ukawa mwepesi. Hapakuwa na kishindo. Nati na kipande chake cha bolti vikaanguka mchangani, na kipande cha pili kikabaki kimezama ndani ya hedi, sawasawa na uso wake.

Kama ningeishia hapo aibu ingekuwa ndogo. Lakini nilikuwa nimenunua pamoja na gasketi chombo cha kutolea bolti zilizokatika. Ni kijiti cha chuma kigumu, kimechongwa hesi za kushoto na kuchongoka mbele. Bolti hutobolewa katikati, kijiti hutiwa katika tundu, na kadiri kinavyozungushwa kwa kushoto ndivyo kinavyozidi kuuma na kuivuta bolti nje. Katika karatasi iliyofuatana nacho kazi hiyo ilikuwa na picha nne. Nikaazima keekee ya umeme kwa jirani, nikaipitisha katika tundu la manifoldi, nikaanza kutoboa bila ya kuweka alama ya kitovu. Ncha ya keekee haipendi chuma kigumu ikiwa karibu yake pana kitu laini. Ikateleza, ikaacha bolti, ikaanza kula alumini ya hedi. Nikaona vinyoa vyeupe vikitoka mahali pa vinyoa vyeusi, nikazima.

Mama alikuwa barazani akichambua mchele. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Mwanangu, kamwite Fundi."

Mtu huyu ana jina, lakini Ngamiani yote humwita Fundi, na hapana anayeuliza fundi gani. Alikuwa mwanafunzi wa baba kwa muda wa miaka kumi na mmoja, naye sasa ni mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuja alasiri, baada ya kuswali.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Daktari. Poleni na joto." Akainama, akamulika kwa tochi, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoona ni lazima. Kisha, bila ya kuinua kichwa, akauliza, "Nani aliyekata stadi hii?"

"Ni mimi."

"Hukuibembeleza?"

Hapa inanipasa kurudi nyuma. Katika mwaka 2008, nilipokuwa nikikusanya maneno ya ufundi kwa ajili ya utafiti wa shahada yangu ya udaktari, nilikaa na baba usiku mara tatu, yeye akitaja maneno, mimi nikiandika katika daftari. Alitaja keekee, tindo, jiliwa, fuawe na hesi, nami nikayapokea kwa heshima kwa kuwa niliyakuta katika kamusi. Alitaja parafujo, nikamweleza kwamba neno hilo tuliachiwa na Wareno, akafurahi kama mtu aliyeambiwa kwamba chungu chake cha kila siku ni kitu cha kale. Alitaja bolti, nati, spana na gasketi, nikayaandika kwa furaha ndogo zaidi. Alipotaja stadi, kwa maana ya bolti isiyo na kichwa, iliyopandwa mwilini mwa injini ikingoja nati, nilitia alama ya kuuliza. Maana stadi ninayemjua mimi, na anayejulikana na kamusi, ni mtu hodari wa kazi yake. Ndipo aliponiambia, "Stadi iliyoshika haivutwi, hubembelezwa. Andika na hilo."

Nikaandika. Lakini asubuhi nilipokuwa nikisafisha orodha nililipiga mstari mwekundu, na pembeni nikaandika: mzaha, si istilahi. Daftari likabaki wazi juu ya meza. Baba alisoma pole pole, kwa kidole, lakini alisoma. Jioni aliniuliza mzaha ulikuwa wapi. Nikamweleza, kwa upole wa mtu anayekaribia kuitwa daktari, kwamba istilahi ni neno lenye maana moja iliyopimwa mipaka yake, na kwamba anayebembelezwa ni mtoto anayelia. Akasema, "Haya." Tulikula pamoja, tukazungumza habari za bei ya saruji na za ndugu zetu wa Pangani. Usiku ule sikulichukua daftari, kwa kuwa yeye alisema amechoka. Wala baada ya usiku ule hakunipa neno jingine. Nilipomaliza kazi yangu jedwali la maneno lilikuwa safi kabisa, na watahini walilisifu.

Nimekaa tangu wakati huo katika vikao vya istilahi ambamo watu wazima sita hubishana kutwa juu ya jina la kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyepata kukishika. Sivilaumu vikao hivyo, nimevila posho. Nataka kueleza tu kwamba Fundi aliponiuliza swali lake, mimi peke yangu pale uani ndiye niliyelisikia kama mtu anayesomewa shitaka.

"Sikujua maana yake," nikamjibu, na jibu hilo lilikuwa la kweli kuliko alivyodhani.

"Basi kaa utazame."

Zilikuwa zimebaki nati nyingine zote. Fundi aliwasha taa ya gesi akapasha moto chuma cha manifoldi kuzunguka nati ya pili, akaiondoa taa, na mara akaigusisha nati kipande cha mshumaa. Nta ikayeyuka, ikavutwa ndani ya hesi kama maji yanavyovutwa na kitambaa. Kisha akatwaa spana fupi, akaishika karibu na kichwa chake, mahali ambapo mtu hawezi kupata nguvu hata akitaka. Kwanza alikaza. Nilidhani amekosea. Alikaza kidogo mno, mpaka nati ikatoa mlio mwembamba, ndipo akageuza kwa upande wa kufungua, kiasi cha unene wa ukucha, akarudi mbele, akaenda nyuma kwa unene wa kucha mbili, akatia nta tena. Kila nati ilipolia alirudi. "Ikilia," alisema, "inakuambia kwamba unga umejaa mbele yake. Ukilazimisha, unga unakuwa kabari. Rudi, usagike." Kazi niliyotaka kuimaliza kwa mvuto mmoja ilimchukua karibu saa nzima, na hakutokwa na jasho zaidi ya lile la joto la Tanga.

Kubembeleza, basi, ni kuizungusha nati au bolti iliyoshika mbele na nyuma, kwa hatua ndogo zinazoongezeka, kwa nguvu ambayo kila mara hubaki chini ya ile ya kuikata, ili kutu isagike na mafuta yapate njia. Maana yake ni moja na mipaka yake imepimwa. Mkono wangu ulikwisha jua mpaka wa juu uko wapi. Neno la fundi wa karakana ya mkonge lilikuwa limetimiza sharti langu mwenyewe, na mimi nililihukumu kwa kutazama mtoto anayelia bila ya kutazama nati inayolia.

Manifoldi iliposhuka Fundi aliifuta hedi kwa kitambaa chenye petroli, akawa anazikagua stadi moja moja. Alipofika ya tatu kutoka mbele alinyamaza. "Njoo uone," akasema. Kuzunguka mguu wa stadi ile palikuwa na pete nyembamba ya chuma, imelala sawa na uso wa alumini kiasi kwamba kucha haikuweza kuihisi, na ukingoni mwake vituo vitatu vimepigwa kwa ncha ya chuma, vimeachana kwa nafasi sawa.

"Kazi ya mzee wako hiyo. Vituo vitatu. Wengine hupiga viwili."

Akanieleza. Stadi ikikatika na tundu likiharibika, tundu hupanuliwa, hukatwa hesi mpya kubwa, na ndani yake hukazwa kipande cha chuma chenye hesi nje na ndani, kiitwacho bushi, ambacho ndicho kitakachoishika stadi mpya. Vituo hupigwa ili bushi isizunguke siku ya kufungua. Kazi hiyo haifanywi na mtu ila pale ambapo stadi imekatika vibaya.

"Aliikata lini?" nikauliza.

"Sijui. Injini hii hakuna aliyeigusa ila yeye. Miaka kumi na mmoja alinipiga makofi ya mgongo kwa kila stadi niliyoikata, na siku moja hakuniambia kwamba na yeye alipata kukata." Alikaa akiitazama. Kisha akacheka, akavua miwani akaifuta, na mimi nikajishughulisha na kuokota nati mchangani. Nilikwisha fahamu neno lile alilipata wapi.

Ilibaki stadi yangu. Nikamwonyesha Fundi kile kijiti cha hesi za kushoto. Alikipokea, akakitia katika mfuko wa shati lake na kuufunga kifungo. "Hiki kigumu sawa na keekee. Kikikatikia humo ndani, nitakitoboa kwa nini?" Tundu langu lililopotoka lilikuwa limekula ukuta upande mmoja, na hakutaka kutoboa zaidi. Alisema ataichomelea.

Naungama kwamba niliogopa. Chuma huyeyuka kwenye moto wa karibu digrii 1,500, na alumini kwenye digrii 660 tu. Niliona wazi mbele ya macho yangu hedi ikitiririka kama uji, na mama akisubiri mabati. Lakini alumini hutawanya moto upesi, na tone la chuma kilichoyeyuka halishikamani nayo. Kwanza Fundi alifungua waya za betri, kwa sababu umeme wa kuchomelea huweza kuiua alteneta. Halafu akaigusa stadi kwa ncha ya fimbo ya kuchomelea, kwa kitambo cha kupepesa jicho, akaacha. Akagusa tena, akaacha. Tone juu ya tone, mpaka pakainuka kutoka katika lile tundu kichuguu kidogo cha chuma. Juu yake akaweka nati, akaichomelea kwa ndani, na sasa stadi iliyozama ikawa na kichwa cha kushikwa kwa spana.

Nati hiyo ya kwanza ilibanduka alipoijaribu. Hakusema neno. Akajenga tena, akaweka nati nyingine, na mara hii akaisubiri. Stadi iliyopata moto hutaka kutanuka na kuta haziipi nafasi. Inapopoa hunywea, na ule unga ulioigandisha hupasuka. Alisubiri mpaka wekundu ukaisha, akagusisha mshumaa, akashika spana fupi. Mbele kidogo. Nyuma kidogo. Ikalia, akarudi. Palikuwa kimya pale uani, hata watoto wa jirani walikuja kusimama nyuma yetu. Sikumbuki ilimchukua muda gani. Nakumbuka kwamba aliniachia spana mkononi na kusema, "Malizia," na kwamba niliposikia mlio ule mwembamba mkono wangu ulirudi wenyewe kabla sijafikiri.

Ilitoka. Ilikuwa fupi kuliko shida iliyotuletea, urefu wa punje mbili za kunde, imevaa unga mweupe. Fundi alipitisha chombo cha kusafisha hesi, akaona kwamba hesi mbili za mwanzo zimeliwa upande mmoja na zilizobaki ni nzima, akasema zitashika. Akapaka stadi mpya mafuta mazito yenye unga wa shaba, ambayo hayaungui upesi, ili atakayeifungua baadaye asitukanwe na chuma. Gasketi ikawekwa, nati zikakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, na tulipowasha injini mlio haukuwapo. Mama akaja mlangoni na ungo wake, akasikiliza kidogo, akarudi ndani.

Nilipouliza ujira Fundi alitaja bei kamili. "Ingekuwa imekatika kwa kutu ningekusamehe," alisema. "Umeikata mwenyewe, utalipa." Nikalipa, na kijiti changu hakukirudisha.

Jumatatu dereva wa Muheza alikuja, akawasha, akasikiliza, akahesabu fedha juu ya boneti bila ya kupunguza. Niliona si haki kumficha. Nikamwonyesha stadi ya kwanza nikamwambia hesi zake mbili zimeliwa. Nikamwonyesha ya tatu nikamwambia imekaa katika bushi tangu siku nyingi. "Siku utakapofungua hapa," nikamwambia, "stadi hizi uzibembeleze."

Alinitazama kwa mshangao kidogo, ufunguo mkononi.

"Kwani stadi hufunguliwa vipi, Daktari?"